Kisabengo, Aliyejenga Mji wa Simbamwene

Watu wengi wakiulizwa mji wa Morogoro ulianzaje, hujibu kwamba ulianza na Wajerumani na reli yao. Ni kweli kwamba reli itokayo Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na baada yake yakaja maduka na mashamba ya mkonge. Walakini miaka mingi kabla ya reli ulikuwako mji mwingine chini ya milima ile ile ya Uluguru, karibu na mahali ulipo mji wa leo. Ulikuwa na ukuta wa mawe na malango manne, na khabari zake zilijulikana Bagamoyo na Unguja, hata zikasomwa Ulaya na Marekani. Mji huo uliitwa Simbamwene, na aliyeujenga aliitwa Kisabengo.

Mwezi huu twataka kueleza maisha ya mtu huyo, kadiri yanavyoweza kujulikana. Tutaeleza pia yajulikanavyo, maana Kisabengo hakuacha mstari hata mmoja wa maandiko yake. Wakilindi wa Usambara walipata bahati ya kuandikiwa khabari zao na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyekaa kwao na kusema lugha yao, na kitabu chake kikapigwa chapa na wamisionari wa Kiingereza. Kisabengo hakupata mwandishi wa namna hiyo. Walioandika jina lake walikuwa wasafiri waliopita njiani, kila mmoja akiwa na haja yake, na wengine wakiwa na ugomvi na mji wake. Basi atakaye kumjua sharti asome maandiko yao kama hakimu asikilizaye mashahidi, akipima neno la huyu kwa neno la yule, na maneno yao yote kwa vitu vyenyewe: mawe, milango, mto, na majina ya mahali.

Kwa asili alikuwa Mzigua. Hilo si jambo dogo, kwa sababu Wazigua wa zamani zake walipatikana na mambo mawili yasiyopatana. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa ilishika nchi yao, hata watu wakajitoa wenyewe au wakawatoa watoto wao kwa wenye vyombo wa pwani ili wapate chakula. Wengi walichukuliwa mpaka nchi ya Wasomali, na wajukuu wao wanaokaa karibu na mto Juba wamekihifadhi Kizigua hata leo. Tena Wazigua hao hao, kwa kuwa walikuwa karibu na bandari za Saadani na Pangani, walipata bunduki mapema kuliko majirani zao wa bara. Mwenye bunduki aliweza kumteka asiye nayo na kumwuza. Hivyo katika kabila moja, na labda katika ukoo mmoja, walikuwako waliouzwa na waliouza.

Kisabengo alitoka katikati ya mambo hayo. Hakuzaliwa katika nyumba ya utawala. Stanley, ambaye alipita mwaka 1871 na kutuachia maneno mengi kuliko wengine, asema kwamba alikuwa mtu wa jamaa duni, lakini alikuwa na nguvu za mwili, na ulimi mwepesi, na maneno ya kuchekesha, akajua kusema na kila mtu kwa namna impendezayo. Kwa sifa hizo aliwavuta watoro, yaani watumwa waliokimbia kwa bwana zao, nao wakamfanya mkubwa wao. Sultani wa Unguja akataka kumshika na kumhukumu. Ndipo alipoingia bara na watu wake, akafika Ukami, nchi ambayo wakati ule ilienea toka Ukwere mpaka Usagara.

Na tusimame kidogo hapa, kwa sababu wasafiri walipita upesi juu ya neno hili. Mtoro ni mtu aliyeonja utumwa kwa ngozi yake. Pwani yote ilikuwa na watoro zamani hizo, kwa kuwa mashamba ya minazi, mtama na karafuu yalihitaji watu wengi, na si wote walioridhika kukaa. Wengine walijificha msituni, wengine wakajenga vijiji vyao wenyewe. Wasomaji wa Kenya watakumbuka Fuladoyo, nyuma ya Mombasa, ambako watoro walijikusanya wakalima na kujilinda. Kisabengo naye alikusanya watoro, lakini mwisho wake ulikuwa mwingine. Watu wale waliokimbia kamba, walipofika Ukami, waliishika kamba wao wenyewe. Udoe, Ukami, Ukwere na nchi nyingine za jirani zilimjua Kisabengo kwa jambo moja, nalo ni kuiba watu. Jina lake lilikuwa la kutisha, na mama alipolitaja hakuwa na haja ya kumtajia mtoto chui.

Je, ushahidi huo ni wa kweli, au ni masingizio ya adui zake? Sisi twaona ni wa kweli, kwa sababu haukutoka kinywani mwa mtu mmoja. Burton alipopita mwaka 1857 hakupita Simbamwene. Njia ya misafara wakati ule ilikwenda kusini ya milima, kwa Wakutu, mpaka Zungomero. Lakini aliyoyaona huko yalikuwa ya namna moja na yaliyosemwa kaskazini: vijiji vilivyochomwa moto, mashamba yaliyoachwa, na Wazigua wenye bunduki wakizunguka kutafuta watu. Mgeni aliyepita kusini na mgeni aliyepita kaskazini miaka 14 baadaye waliandika khabari zinazofanana, wala hawakuwa marafiki hata wapatane kusema uongo mmoja. Ndiyo sababu twasema ushahidi unasimama.

Vita vyake na Wakami vilimpa nchi. Walimwachia bonde kubwa lenye rutuba la mto Ngerengere, ambao Stanley auita Ungerengeri. Mahali pazuri kabisa pa bonde hilo, mto ukipita karibu chini ya kuta, alijenga mji wake. Tazama jinsi alivyochagua. Nyuma yake palikuwa na milima ya Uluguru yenye maji yasiyokauka. Mbele yake palikuwa na njia fupi ya kutoka Bagamoyo kwenda Usagara, Mpwapwa, Tabora na Ujiji. Njia ya kusini ya Zungomero ilipopungua watu, na misafara ikahamia njia ya kaskazini, kila mzigo wa nguo uliokwenda bara na kila pembe ya ndovu iliyoteremka pwani ilipita karibu na lango lake. Mwenye msafara alilipa hongo, na aliyekataa alikuwa na mashaka. Kwa hiyo hatuwezi kumwita mnyang'anyi tu. Alijua biashara, tena alijua kusoma nchi.

Na sasa twaja kwenye mji wenyewe. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, wakati wa masika, akamtafuta Dr. Livingstone. Toka Bagamoyo hata Simbamwene alihesabu maili 119, mwendo wa siku 14, lakini kwa ajili ya mvua na kukawia kwa wapagazi safari ilichukua siku 29. Alipouona mji alistaajabu. Anaandika kwamba ulikuwa wa pembe nne, na ukubwa wake kama nusu ya maili ya mraba. Kila pembe ilikuwa na mnara wa mawe uliojengwa vizuri. Malango yalikuwa manne, moja kwa kila upande wa dunia, kila lango katikati ya minara miwili. Ukuta ulikuwa wa mawe, wenye safu mbili za matundu ya kupigia bunduki. Nyumba zilikuwa kama 1,000, nao watu aliwakadiri kuwa 3,000, kisha akasema labda 5,000 ni karibu zaidi na kweli. Nyumba ya mtawala ilikuwa kama nyumba za pwani, yenye paa refu lililoteremka na baraza mbele.

Stanley alikuwa amesafiri Uajemi kabla ya kuja kwetu, akapanda farasi maili 950, na asema kwamba huko, ukiiacha miji mikubwa, hakuona mji wenye boma bora kuliko Simbamwene. Hata kuta za miji mikubwa ya Uajemi zilikuwa za udongo, na hizi za Kisabengo zilikuwa za mawe. Tukisoma hayo hatuna budi kukumbuka kwamba mwandishi wa magazeti hupenda mambo makubwa, na kwamba aliandika hayo akiwa mgonjwa wa homa katika kambi yake nje ya mji. Kipimo cha nusu ya maili ya mraba tukipokee kwa tahadhari. Lakini minara, malango na matundu mtu hawezi kuyatunga kwa homa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1873, Cameron alipita akaandika juu ya mji huo huo, auitao Simbaweni, naye alimtaja Kisabengo kuwa ndiye aliyetisha nchi zile zamani za uhai wake.

Neno moja Stanley hakuliuliza: ni nani aliyeyachukua mawe? Alihesabu minara, asihesabu mikono. Ukuta wa namna hiyo wahitaji watu wa kuchimba mawe, na wa kuyabeba, na mafundi wa kuyapanga yasianguke. Waluguru wa milimani walikaa nyumba mbalimbali kwenye miteremko, kila ukoo na ardhi yake, na milima yenyewe ndiyo iliyokuwa ngome yao. Jina lao lamaanisha watu wa mlimani. Hawakuwa na desturi ya kuta za mawe. Ujuzi wa kujenga ukuta huo ulitoka pwani, nao wenye ujuzi wa pwani waliokuwa pamoja na Kisabengo walikuwa nani, ila wale watoro? Waliojenga nyumba za mabwana zao huko walijenga ukuta wao wenyewe huku. Na mzigo mzito wa kubeba mawe, twadhani uliwaangukia mateka. Hayo hatukuyasoma mahali popote. Twayasema kwa kuutazama ukuta na kufikiri. Kitu kilichojengwa hushuhudia habari za waliokijenga, ijapokuwa hakuna aliyewaandika.

Milango nayo ina maneno yake. Stanley asema ilikuwa ya mti mgumu, ya pembe nne, iliyochorwa kwa nakshi nyembamba sana za Kiarabu. Hakujua kama ilitengenezwa Unguja au pwani ikaletwa ubao kwa ubao, au kama ilikuwa kazi ya mafundi wa pale pale. Aliona milango mingine yenye nakshi, ingawa si nyingi kama zile, katika nyumba kubwa za mji. Jambo hilo la pili ndilo linalotuelekeza. Ikiwa si malango ya mji tu, bali na nyumba za watu wakubwa zilikuwa na milango ya nakshi, basi si kitu kilicholetwa mara moja kwa fahari ya mfalme. Ni kazi iliyokuwa na wanunuzi, na penye wanunuzi fundi hukaa. Atakaye kujua milango hiyo ilikuwaje na aende akatazame ya Bagamoyo au ya Mji Mkongwe wa Unguja. Huko mlango ulionyesha cheo cha mwenye nyumba kabla hajafungua kinywa. Mtu ambaye sultani wa Unguja alitaka kumfunga aliweka malangoni pake alama ile ile ya ungwana iliyokuwa kwenye nyumba za wakubwa wa Unguja. Twaona katika nakshi hizo moyo wa Kisabengo kuliko katika maneno yote ya wasafiri. Hakutaka kuuharibu ulimwengu uliomdharau. Alitaka kuwa bwana ndani yake.

Alipokuwa mzee alilichoka jina lake, au labda aliliona limejaa damu. Akajiita Simbamwene. Stanley afasiri kwamba ni mji wa simba, au mji wenye nguvu kuliko yote, na kwamba mzee alichukua jina la mji. Kwa sisi tujuao lugha za huku, maana yake ni nyepesi zaidi: simba aliye mwene, yaani simba mtawala. Ni jina la mtu, na twadhani mji uliitwa kwa jina la mwenyewe. Hata hivyo msomaji wa vitabu vya zamani na awe macho, maana jina moja lilitumika kwa mji, kwa baba, na tena kwa binti. Wengine hulisoma wasijue ni nani anayetajwa, wakamvika mmoja matendo ya mwingine.

Maana kabla ya kufa Kisabengo aliagiza kwamba binti yake mkubwa ndiye atakayekaa mahali pake, akampa na jina la Simbamwene. Kisabengo alikuwa amekwisha kufa Stanley alipofika mwaka 1871, na aliyetawala alikuwa huyo binti. Wageni walilistaajabia jambo la mwanamke kutawala. Sisi twastaajabia jambo jingine. Wazigua, Wakami na Waluguru wote huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu akifa, mrithi wa cheo chake hutazamwa kwa watoto wa dada yake, maana watoto wake mwenyewe ni wa ukoo wa mama yao. Kisabengo alipompa binti yake mji, aliiacha njia ya ukoo. Na pengine hakuwa na njia nyingine. Ufalme wake haukutoka kwa wazee wa ukoo wala haukuwa na kaburi la babu. Ulitoka kwa bunduki na kwa watoro wasio na jamaa. Mali aliyoitafuta mwenyewe aliigawa kama mtu agawavyo mali aliyoitafuta mwenyewe.

Binti huyo ameandikwa vibaya na Stanley, na ni haki tueleze sababu. Wajumbe wake walikuja kambini kudai hongo. Stanley akajibu kwamba msafara wake mwingine uliotangulia umekwisha lipa, na kwamba desturi ya mji ni kupokea mara moja tu kwa mwenye msafara mmoja. Wajumbe walilikubali neno hilo wakaenda zao. Baadaye mpishi wa Stanley alipigwa kwa sababu ya wizi, akatoroka. Askari waliotumwa kumtafuta walishikwa mjini wakatiwa minyororo, wakishitakiwa kwamba wamemwua. Walifunguliwa kwa maombezi ya Mwarabu mmoja mwenye msafara, lakini bunduki zao zilibaki kwa malkia. Stanley alikasirika, na hasira yake imo katika kitabu chake. Lakini mwenye kusoma taratibu ataona kwamba malkia alishika sheria mara mbili. Hakudai hongo ya pili baada ya kuelezwa, na alipoambiwa kuna mtu aliyepotea baada ya kupigwa, aliuliza damu yake iko wapi. Juu ya bunduki hatumtetei.

Tena Stanley alimlinganisha Kisabengo na Mfalme Theodoro wa Uhabeshi, akisema ni Theodoro mdogo. Ulinganisho huo haukutoka mbinguni. Mwaka 1868 Stanley alikuwa pamoja na jeshi la Waingereza huko Magdala, ambako Theodoro alijiua ngome yake ilipotekwa. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita. Alipoona mji mwingine wa mawe chini ya mlima, na kusikia khabari za mtu aliyeinuka toka chini kwa nguvu zake, alimwona Theodoro tena. Hivyo ndivyo msafiri achukuavyo miwani yake toka nchi moja hata nchi nyingine.

Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, tufani kubwa ilipiga Unguja. Ilivunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu kwa maelfu. Mvua zake ziliingia bara, na mto Ngerengere ukafurika usiku watu wamelala. Stanley alipokuwa akirudi kwa Livingstone, mwishoni mwa mwezi huo, aliambiwa na watu wa bonde kwamba vijiji karibu 100 vimechukuliwa na maji. Alikuta miti imelala, mashamba yamefunikwa mchanga, na njia haionekani. Alipofika Simbamwene, ukuta wa mbele ulikuwa umeanguka na nyumba kama 50 zimekwenda na maji. Malkia alikuwa amekimbia.

Sababu ya maangamizi hayo ndiyo inayotufanya tumkumbuke Kisabengo hapa pia. Katika zamani zake alikuwa amechimbisha mfereji mrefu wa kulileta tawi la mto karibu na boma, ili mji usikose maji wakati wa amani wala wakati wa vita. Mto ulipojaa ulifuata njia ile aliyoufungulia. Maji yalipokwisha kupungua, mto ulikuwa umejitengenezea mkondo mpya, kama yadi 300 mbali na mji. Ukuta uliojengwa kuzuia watu haukuweza kuzuia maji, na mji ukabaki bila mto uliojengwa kwa ajili yake.

Hata hivyo mji haukufa usiku ule. Cameron alipopita mwaka uliofuata, binti wa Kisabengo alikuwa angali anatawala, ijapokuwa hofu ya watu kwake ilikuwa imepungua. Mwaka huo huo wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza watumwa kupitishwa baharini. Biashara iliyomfanya Kisabengo kuwa mkubwa ilianza kukatika kule ilikokuwa ikiishia. Haikukoma mara moja, wala bara haikujulikana mara moja kwamba imekatazwa, lakini bei ya mtu haikuwa tena salama kama bei ya pembe.

Mapadri wa Kikatoliki wa Bagamoyo, ambao walikuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa tangu mwaka 1868, walikuwa wakiitazama nchi hii kwa muda mrefu. Walijenga Mhonda mwaka 1877, na mwaka 1882 wakajenga Morogoro, kwenye mteremko wa mlima, wakati Kingo wa jamaa ya Kisabengo alipokuwa mkubwa wa mahali pale. Tufikiri jambo hilo kwa utulivu. Chini ya mlima alikaa mrithi wa mteka watu, na juu kidogo walikaa walimu waliotoka katika kijiji cha watu waliokombolewa. Waliteka maji ya mlima mmoja. Miaka miwili baadaye, mwaka 1884, Karl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami na karatasi zake, akiwatia wakubwa alama kwenye maneno wasiyoweza kuyasoma, na utawala wa namna nyingine ukaanza.

Ukuta wa Simbamwene hausimami tena kama Stanley alivyouona. Lakini si kila kitu kilikwenda na maji. Kingo ni jina la kata katikati ya mji wa Morogoro, na Kingolwira ni jina la mahali mashariki ya mji, kwenye njia ya kwenda pwani. Wengi huyataja kila siku kwa ajili ya kupanda gari tu.

Liko pia kumbukumbu jingine ambalo halikuandikwa na mgeni yeyote, nalo ni jamaa zenyewe. Katika Morogoro wamo watu ambao wazee wao waliingia kwa lango la Simbamwene wakiwa wamefungwa, na wamo ambao wazee wao ndio waliowafunga, na wamo ambao wazee wao walikuja kama watoro na kufanya yote mawili. Wameoana, wamezikana, na kwa kawaida hawaulizani. Kunyamaza huko kuna adabu yake, nasi hatutaki kuivunja. Lakini tumeona katika nyumba nyingi bibi mzee ajuaye ukoo wake kwa upande wa mama hata vizazi vitano, kisha anafika mahali pa bibi mmoja na kusema tu kwamba huyu alitoka mbali, naye hana ukoo. Hapo kijana mwenye daftari na aulize kwa upole: alitoka upande gani, alisema lugha gani alipokuwa peke yake, aliimba nini alipotwanga, na mtoto wake wa kwanza alimpa jina gani. Katika vitabu vya ubatizo vya zamani, vya makanisa yote, mtu wa namna hiyo huandikwa kwa jina moja, na mahali pa jina la baba pameachwa wazi. Akipata jina la kijiji cha Udoe au Ukwere na aliandike pale, pamoja na jina la bibi aliyelisema na tarehe aliyolisema.

Kisabengo mwenyewe ameandikwa vya kutosha. Wale aliowaleta bado, na wajukuu wao wanaowakumbuka ni wazee sana.